Utafiti wa uzamivu kuhusu mvua za radi za Ziwa Victoria na tabianchi: mwongozo kamili

Tasnifu nyingi kuhusu mvua za kitropiki hukwama mwaka wa pili kwa sababu mwanafunzi alikimbilia modeli za kompyuta kabla hajaijua data yake. Mwongozo huu unafuata mpangilio tofauti: swali, fizikia, saa, data, kufuatilia dhoruba, takwimu, kisha modeli ikiwa bado inahitajika. Mfano wetu toka mwanzo hadi mwisho ni bonde la Ziwa Victoria, lakini hatua zenyewe zinafaa kwa Kongo, pwani ya Bahari ya Hindi au popote ambapo hewa yenye joto na unyevu hupanda na kuzaa mawingu ya radi. Kupanda huko ndiko wanasayansi wanakoita konveksheni.

Swali linalopimika

"Konveksheni ya kitropiki na tabianchi" ni uwanja mzima, na hakuna mtu anayeumaliza kwa miaka mitatu au minne. Swali la uzamivu lazima litaje eneo, msimu na kitu kinachoweza kuhesabiwa, na jibu lake liweze kuwa "hapana". Kwa mfano: je, katika miaka ambayo magharibi mwa Bahari ya Hindi kuna joto kuliko kawaida, dhoruba za usiku juu ya Ziwa Victoria wakati wa vuli huwa nyingi zaidi, au huwa kubwa zaidi? Kuwa nyingi na kuwa kubwa ni mambo mawili yenye sababu tofauti za kifizikia, na jumla ya mvua ya msimu haiwezi kuyatenganisha. Hapo ndipo penye kazi ya kuandikiwa tasnifu.

Ziwa lenyewe ni mahali pazuri pa kujifunzia. Lina takriban kilomita za mraba 68,800, liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na pande zake za mashariki na magharibi lina nyanda za juu. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu ya radi hujengeka juu ya vilima alasiri. Usiku upepo hugeuka, hewa kutoka pande zote hukutana juu ya maji, na mvua hunyesha ziwani hadi asubuhi. Pepo za mashariki zinazovuma karibu mwaka mzima husukuma mvua hiyo upande wa magharibi wa ziwa. Mdundo huu hujirudia siku baada ya siku, kwa hiyo ni kipimo cha kila data na kila modeli utakayoigusa. Wavuvi wanaolala majini ndio wanaolipa gharama ya utabiri mbovu, na hiyo ni sababu tosha ya kuifanya kazi hii kwa umakini.

Fizikia ya kuiva nayo kabla ya kufungua kompyuta

Tenga miezi mitatu ya kwanza kwa hili. Anza na kipande cha hewa kinachopanda: hupoa, mvuke wake hugeuka matone, joto lililofichika hutoka, na kikibaki chepesi kuliko hewa inayokizunguka huendelea kupaa. Nishati inayokipaisha ndiyo CAPE, na kizuizi cha chini kinachopaswa kuvukwa kwanza ni CIN. Jifunze kuzikokotoa zote mbili kwa mkono kutoka kwenye data ya puto la hali ya hewa. Kituo cha Dagoretti, Nairobi, chenye namba 63741, kimo kwenye IGRA, hifadhi ya wazi ya data za maputo ya dunia nzima, na kinafaa kwa zoezi hilo.

Halafu jifunze kinachoitofautisha tropiki. Karibu na ikweta nguvu ya Coriolis, inayotokana na dunia kujizungusha, ni ndogo, kwa hiyo tofauti za halijoto za angani husawazishwa haraka na mawimbi ya hewa. Halijoto ya tabaka la kati hapa na kilomita 1,000 kutoka hapa haitofautiani sana. Kinachotofautiana ni unyevu, pamoja na hali ya hewa ya chini karibu na ardhi au maji. Anayetoka kwenye vitabu vya latitudo za kati huja na mazoea ya kutafuta mipaka ya hewa baridi na hewa joto, na hapa haipati.

Hii ndiyo sababu CAPE peke yake hukudanganya. Unaweza kuwa na CAPE kubwa alasiri nzima na tone lisidondoke, kwa sababu wingu linapopanda huvuta hewa ya pembeni ndani yake, na hewa hiyo ikiwa kavu wingu hufa kabla halijafika juu. Katika tropiki, jumla ya mvuke katika safu nzima ya hewa huhusiana na mvua vizuri kuliko CAPE: mvua huwa haba mpaka mvuke ufike kiwango fulani, kisha hupanda ghafla. Chora uhusiano huo kwa eneo lako mapema. Grafu hiyo itakurudia katika kila sura.

Upande wa tabianchi, namba ya kuanzia ni asilimia 7: hewa iliyoshiba mvuke hubeba takriban asilimia 7 zaidi kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Usiichukulie kuwa mvua yote itaongezeka kwa asilimia 7. Wastani wa mvua duniani unabanwa na nishati ambayo angahewa inaweza kupoteza, na huongezeka polepole zaidi. Mvua kubwa ya saa moja ndiyo iliyo karibu na namba hiyo, na wakati mwingine huizidi.

Saa

Makosa mengi yasiyoonekana hutokea hapa. Data zote za kimataifa hutumia UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, nasi wa Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa 3. Saa 00 UTC ni saa tisa usiku, 06 UTC ni saa tatu asubuhi, 12 UTC ni saa tisa alasiri. Andika jedwali hilo ulibandike ukutani, na ndani ya programu zako tumia UTC tu. Badilisha kwenda saa za hapa wakati wa kuchora grafu, basi.

Tatizo kubwa zaidi ni siku ya mvua. Kipima mvua cha kituo husomwa saa tatu asubuhi, yaani 06 UTC, na kinachosomwa ni mvua ya saa 24 zilizopita. Setilaiti hujumlisha siku yake kutoka 00 hadi 24 UTC. Mvua ya ziwani hunyesha usiku wa manane hadi asubuhi, kwa hiyo mpaka wa siku unaikata dhoruba katikati. Ukilinganisha kipimo cha Mwanza au Bukoba na setilaiti siku kwa siku bila kurekebisha, uwiano utakuwa duni, nawe utailaumu setilaiti bure. Dawa yake ni kuchukua data ya setilaiti ya nusu saa na kuijumlisha upya kutoka 06 UTC hadi 06 UTC. Angalia pia tarehe: vituo vingine huandika mvua kwenye tarehe ya kusoma, vingine kwenye tarehe ya jana yake. Jaribu kusogeza data ya kituo siku moja mbele na siku moja nyuma. Uwiano ukipanda sana kwa moja ya hizo, umelipata kosa.

Data: kipi kwa kazi gani

Kwa mvua ya saa kwa saa tumia IMERG, makadirio ya mvua ya setilaiti ya NASA: gridi ya nyuzi 0.1, kila nusu saa. Chukua toleo la mwisho lililorekebishwa kwa vipima mvua, ambalo huchelewa miezi kadhaa, na usichanganye matoleo ya V06 na V07 katika uchambuzi mmoja. Thamani zake ni milimita kwa saa, kwa hiyo kwa kila nusu saa gawa kwa 2 kabla ya kujumlisha. Faili zake huweka longitudo kabla ya latitudo. Usipogeuza, ramani yako italala ubavu. Thamani ya -9999.9 maana yake hakuna data.

Kwa misimu na ukame wa nchi kavu kuna CHIRPS, data ya mvua inayounganisha setilaiti na vituo, yenye gridi ya nyuzi 0.05 kuanzia 1981. Ni nzuri kwa masika na vuli, lakini haifai kusimulia maisha ya dhoruba moja.

Kwa upepo, unyevu na halijoto ya angani, tumia ERA5, data inayounganisha vipimo na modeli kuijenga upya hali ya hewa ya zamani: gridi ya nyuzi 0.25, kila saa, kuanzia 1940. Mambo ya kuangalia ni haya. Latitudo zake hushuka kutoka kaskazini kwenda kusini, hivyo ukiomba kipande cha -15 hadi 15 utapewa safu tupu. Omba 15 hadi -15. Mvua yake iko katika mita na ni jumla ya saa inayoishia kwenye muda ulioandikwa. Faili za siku hizi huita muda `valid_time`, na programu za zamani zinazotafuta `time` hugoma. Data ya miezi ya karibuni ni ya muda, yenye alama ya `expver` tofauti. Isubiri ithibitishwe au itenganishe. Zaidi ya yote, usitumie mvua ya ERA5 kujibu swali kuhusu saa ya mvua. Konveksheni yake inakadiriwa kwa fomula, na fomula za aina hiyo huanzisha mvua ya nchi kavu mapema mno, karibu na adhuhuri.

Kwa mawingu yenyewe, tumia picha za joto (maikromita 10.8) za Meteosat, setilaiti za hali ya hewa za Ulaya. Setilaiti za kizazi cha pili hutoa picha kila dakika 15, na pikseli yake ni kilomita 3 chini yake moja kwa moja. Iliyoko juu ya Bahari ya Hindi huona ziwa vizuri kuliko ile ya longitudo 0. Wingu lenye kilele cha kilomita 15 juu ya ziwa, likitazamwa kutoka longitudo 0, huonekana limesogea karibu kilomita 12 kuelekea mashariki. Likitazamwa kutoka longitudo 45.5 mashariki, husogea kama kilomita 4 tu upande wa magharibi. Anayechunguza tofauti ya ufuo na katikati ya ziwa hawezi kupuuza kilomita 12.

Piga hesabu ya nafasi kabla ya kupakua. Eneo la latitudo 15 kusini hadi 15 kaskazini na longitudo 20 hadi 55 lina nukta 17,061 za ERA5. Kwa saa 8,760 za mwaka na baiti 4 kwa kila thamani, kitu kimoja, kama unyevu, katika usawa mmoja wa anga kinahitaji karibu MB 600 kwa mwaka. Usawa 10 kwa miaka 20 ni takriban GB 120, na hicho ni kitu kimoja tu. IMERG ya eneo hilohilo ni zaidi ya GB 7 kwa mwaka ikiwa haijabanwa. Nunua diski mbili za TB 4 au zaidi, moja ikiwa nakala inayokaa jengo jingine. Pakua mwezi mmoja mmoja, usiku, kwa programu inayoweza kuendelea pale intaneti ilipokatika.

Data ya vituo hutoka kwa mamlaka za hali ya hewa za nchi husika. Omba mwezi wa kwanza kabisa, kwa barua ya chuo inayotaja vituo, miaka na matumizi. Kibali cha utafiti, COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya, nacho kianze mapema.

Kabla hujaendelea, fanya jaribio moja. Kokotoa wastani wa mvua wa kila saa kwa pikseli za ziwani, kisha kwa nchi kavu iliyo ndani ya kilomita 100 kutoka ufukoni. Lazima uone mawimbi mawili yanayopishana: ziwa likiwa na kilele usiku hadi asubuhi, nchi kavu alasiri hadi jioni. Ukiona ziwa lina kilele alasiri, kuna kosa la saa, la gridi au la ramani ya ziwa. Usisonge mbele hata kama msimamizi anasubiri matokeo.

Kufuatilia dhoruba

Sasa geuza picha kuwa orodha ya dhoruba. Chagua kizingiti cha halijoto ya kilele cha wingu. 241 K (K ni kelvini) hushika mawingu mapana, 233 K huchuja zaidi, na chini ya 210 K unabaki na minara mirefu tu. Kwa makundi makubwa, eneo la chini la kilomita za mraba 5,000 ni mahali pazuri pa kuanzia. Programu huria za Python kama tobac na PyFLEXTRKR hufanya kazi hii, lakini andika kwanza toleo lako dogo: tambua vipande, vipe namba, linganisha picha mbili zinazofuatana, na kipande kinachofunika angalau nusu ya kile cha awali kirithi namba yake.

Muda kati ya picha ndio unaoamua kama njia hii itafanya kazi. Dhoruba inayokwenda mita 15 kwa sekunde husogea kilomita 13.5 kwa dakika 15, kilomita 27 kwa nusu saa, na kilomita 162 kwa saa 3. Wingu la kilomita za mraba 5,000 lina kipenyo cha kama kilomita 80. Kwa picha za kila saa 3, wingu hilo halitajifunika lenyewe hata kidogo, na programu itahesabu dhoruba moja kama dhoruba mbili au tatu fupi. Orodha itaonekana nadhifu, na kila namba ndani yake itakuwa batili.

Mambo mengine matatu huharibu orodha. Dhoruba huungana na kugawanyika, kwa hiyo weka kanuni moja (kwa kawaida kipande kikubwa hubaki na jina) na uitaje kwenye tasnifu. Wingu la juu hubaki baridi saa kadhaa baada ya mvua kukoma. Unganisha picha na IMERG na udai kiasi fulani cha mvua ndani ya kila wingu, la sivyo utahesabu mabaki. Na ukitaka mwelekeo wa miaka mingi, kumbuka kwamba Meteosat ya kizazi cha kwanza ilipiga picha kila nusu saa, na dakika 15 zilianza mwaka 2004 kwa setilaiti ya longitudo 0. Punguza data mpya iwe ya nusu saa kabla ya kulinganisha. IMERG nayo ina mtego wake: idadi ya setilaiti zinazoilisha imebadilika, na ongezeko la "mvua kubwa" linaweza kuwa ongezeko la macho angani.

Rudia hesabu nzima kwa vizingiti vitatu na maeneo mawili ya chini. Matokeo yanayobadilika ishara unapohama kutoka 233 K hadi 235 K hayafai kuandikwa kama ugunduzi.

Kuunganisha na tabianchi

Kwa Bahari ya Hindi tumia faharasa ya dipoli: halijoto ya maji ya kisanduku cha magharibi (longitudo 50 hadi 70 mashariki, latitudo 10 kusini hadi 10 kaskazini) ukitoa ile ya mashariki (90 hadi 110, latitudo 10 kusini hadi ikweta), zote zikiwa tofauti na wastani wa muda mrefu. Mwaka 1997 na 2019 faharasa hiyo ilipanda sana, na vuli za miaka hiyo zilileta mafuriko Afrika Mashariki. Kwa mabadiliko ya wiki hadi wiki tumia MJO, wimbi la mvua linalozunguka tropiki kwa siku 30 hadi 60, kwa faharasa ya RMM yenye awamu 8. Awamu 2 hadi 4 kwa kawaida huongeza mvua nyanda za juu za Afrika Mashariki.

Hapa ndipo takwimu huwaangusha wengi. Orodha yako ina maelfu ya dhoruba, nawe unajisikia tajiri. Lakini swali linahusu miaka, na miaka 20 ya vuli ni sampuli 20, ambazo kati yake dipoli yenye nguvu imetokea mara chache sana. Dhoruba za msimu mmoja zinashiriki bahari ileile na pepo zilezile, hivyo hazijitegemei. Ukipima uhakika kwa kuchagua dhoruba moja moja kwa bahati nasibu, kila tofauti itaonekana ya kweli. Chagua misimu mizima kwa bahati nasibu, ukirudishia, mara 5,000 au zaidi, kisha kokotoa tofauti kila mara. Kipindi cha kutokuwa na uhakika kitapanuka sana, na huo ndio upana wake halisi. Kwenye ramani, usitie nukta kila pikseli yenye p (uwezekano wa kupata tofauti kama hiyo kwa bahati tu) chini ya 0.05, kwani kati ya pikseli 10,000 zisizo na lolote, karibu 500 zitapita kwa bahati tu. Panga thamani za p kutoka ndogo hadi kubwa na utumie njia ya kudhibiti uwiano wa ugunduzi wa uongo.

Ukifika kwenye mwelekeo wa tabianchi, kabiliana na mgongano unaojulikana: modeli nyingi za dunia zinaonyesha masika ikiongezeka, huku vipimo vilionyesha ikipungua tangu miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010. Baadaye kukaja misimu 5 mfululizo ya mvua duni Pembe ya Afrika, 2020 hadi 2022, kisha mafuriko ya masika 2024. Usichague kipindi kinachokupa mstari unaoupenda. Onyesha jinsi jibu linavyobadilika ukianza na kumaliza miaka tofauti.

Modeli, ikiwa swali linaihitaji

Modeli hujibu swali la "ingekuwaje": ziwa lingekuwa na joto zaidi, vilima visingekuwepo, dunia ingepata nyuzi 3 zaidi. Kama swali lako si la aina hiyo, ruka sehemu hii bila aibu. Angalia pia kama kuna majaribio tayari: modeli ya CP4-Africa iliendeshwa kwa gridi ya kilomita 4.5 juu ya bara zima, miaka 10 ya sasa na 10 ya mwishoni mwa karne, na inaweza kukuokolea mwaka mzima.

Ukiendesha mwenyewe WRF, modeli huria ya hali ya hewa, anza na gridi ya kilomita 9 kwa eneo la nje na 3 kwa la ndani, na zima fomula ya konveksheni kwenye gridi ya kilomita 3. Hatua ya muda ni kama sekunde 6 kwa kila kilomita ya gridi, yaani 18 kwa gridi ya kilomita 3. Karibu na Rwenzori na Elgon ishushe hadi 12 au 15, la sivyo modeli italipuka, yaani hesabu zake zitavurugika na kusimama. Mipaka ya eneo la modeli isikatize juu ya milima. Kilele cha modeli kiwe kanieneo ya hPa 20 au juu zaidi angani, kwa sababu mawingu yetu hufika karibu hPa 100 na mawimbi yake hugonga dari ya hPa 50 na kurudi chini. Kupunguza upana wa kila kisanduku cha gridi kwa nusu huongeza gharama mara 8.

Kosa kubwa kuliko yote ni halijoto ya ziwa. Data ya kuanzishia isipokuwa na thamani ya ziwa, programu ya maandalizi hukopa kutoka kwenye pikseli nyingine, hata baharini, na unapata Ziwa Victoria lenye joto la pwani. Chora ramani ya halijoto ya maji ndani ya faili ya kuanzia kabla ya kila jaribio. Inapaswa kuwa nyuzi 24 hadi 26. ERA5 ina halijoto ya tabaka la juu la ziwa, itumie hiyo. Kisha endesha kila tukio angalau mara 5 kwa saa za kuanzia zinazotofautiana. Jaribio moja kwa dhoruba moja halithibitishi chochote, kwani konveksheni hukuza tofauti ndogo ndani ya saa chache.

Kuandika

Andika sura ya data na mbinu mwaka wa kwanza, wakati bado unakumbuka kwa nini ulichagua 233 K. Kila grafu iwe na programu yake moja inayoichora toka mwanzo, ndani ya Git inayotunza kila toleo la programu, na jina la faili lenye toleo la data na kizingiti. Makala ya kwanza iwe orodha ya dhoruba na tabia zake. Ya pili, uhusiano na bahari. Ya tatu, modeli au mwelekeo wa muda mrefu. Orodha yenyewe iweke Zenodo, hifadhi ya wazi ya mtandaoni, na ipewe DOI (namba ya kudumu ya kuirejelea), pamoja na maelezo ya safu wima zake: tarehe na saa katika UTC, latitudo, longitudo, eneo, halijoto ya chini kabisa, mvua ya juu kabisa, na umri. Watabiri wa Mwanza, Entebbe na Kisumu wanaweza kuitumia moja kwa moja, hata kabla ya siku ya kutetea.